Wajiolojia na wachorongaji wa miamba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimefanya kazi ya jiolojia kwa miaka kumi na mitatu, sehemu kubwa Kanda ya Ziwa kwenye utafutaji wa dhahabu, na misimu michache Dodoma na Singida kwenye visima vya maji. Kila tunapopiga kambi maswali ni yaleyale. Wanafunzi wanauliza wakitoka shule, wazee wanauliza wakija kutuamkia, vijana wanaotaka kazi wananipigia simu usiku. Ninayajibu hapa kama ninavyoyajibu nikiwa nimesimama kando ya mtambo.

Mjiolojia na mchorongaji ni mtu mmoja?

Hapana, ingawa wanakula ugali wa sufuria moja. Mjiolojia husoma mwamba: uliundwaje, umepinda wapi, umevunjika wapi, ndani yake mna nini. Yeye ndiye anayesema shimo lianzie hapa, lielekee kaskazini mashariki, lilale kwa nyuzi 60, lifike mita 250. Mchorongaji ndiye mwenye mtambo wa kutoboa mwamba. Akishaonyeshwa kigingi, njia ya kufika huko chini ni yake: azungushe kwa kasi gani, asukume kwa uzito gani, apeleke maji kiasi gani, abadili lini biti, yaani kichwa kinachokata mwamba. Chini yake kuna wasaidizi wawili au watatu wanaofunga na kufungua rodi (mabomba yanayoshuka shimoni), kuchanganya matope na kupanga sampuli. Halafu yupo fundi, dereva wa lori la maji, mpishi na mlinzi.

Mjiolojia anayeshika levu, ile mikono ya kuendeshea mtambo, anaharibu kazi. Mchorongaji anayeamua peke yake kwamba shimo limetosha anaiharibu vilevile.

Mnajuaje pa kuchoronga?

Shimo ndilo linalokula fedha nyingi, kwa hiyo huja mwisho. Kabla yake kuna miezi, pengine miaka, ya kutembea kwa miguu. Tunaanza na ramani za Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, iliyopo Dodoma na yenye historia inayoanzia mwaka 1925. Kisha tunaingia porini na nyundo, dira na lenzi ndogo inayoning'inia shingoni. Tunachukua udongo kwa mistari, kila baada ya hatua kadhaa mfuko mmoja, na kuupeleka maabara. Tunapima usumaku wa ardhi, kwa sababu baadhi ya miamba inayoandamana na dhahabu ya Geita imejaa madini ya chuma na huonekana waziwazi kwenye vipimo hivyo, hata kama juu pamefunikwa na udongo mwekundu. Miamba yenyewe ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilipoundwa hapakuwa na mti, samaki wala mdudu duniani.

Walimu wangu wa kwanza kila mahali ni wachimbaji wadogo. Palipo na duara za zamani, yaani mashimo yao, na vipande vya kwazi (lile jiwe jeupe gumu) vilivyotupwa kando, nakaa chini na waliochimba. Wao hawaijui lugha ya ripoti, lakini wanajua mkanda wa dhahabu ulikopotelea na uliinamia upande gani. Kijana aliyetoka chuo akidharau maneno hayo, namjua mapema kwamba atachelewa kuiva.

Kama ungependa kuona uvumilivu wa kazi hii ulivyo, mtazame John Williamson, mjiolojia wa Kanada. Alizunguka miaka mingi akitafuta chanzo cha almasi katika nchi ya Shinyanga, fedha zikimwishia na wenzake wakikata tamaa, mpaka alipoupata mwamba wa Mwadui mwaka 1940. Miaka 7 baadaye mgodi huo ulitoa almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5.

Mnaingia tu shambani kwa mtu?

Haifai na haitakiwi. Leseni ya utafutaji haimpi mtu ruhusa ya kukanyaga mihogo ya mwenzake. Tunaanza ofisi ya kijiji, tunaeleza tunataka nini na kwa muda gani, mwenye shamba anakubali, mazao yatakayoharibika yanahesabiwa na kulipwa. Wazee wakisema chini ya mti ule kuna makaburi, kigingi kinahama. Kuhamisha kigingi mita 20 na kubadili mwelekeo wa shimo ni hesabu ya nusu saa, na mwamba uleule tutaufikia.

Jiwe linatokaje mita 300 chini ya ardhi?

Kuna njia mbili kuu.

Ya kwanza ni biti ya almasi. Usiwaze mkufu: ni pete ya chuma iliyochanganywa na chembe ndogo za almasi, iliyofungwa mwisho wa bomba. Bomba likizunguka, pete inakata mwamba kwa duara na kuacha katikati nguzo nyembamba ya jiwe inayoingia ndani ya bomba. Nguzo hiyo ni mche wa mwamba, kama mche wa sabuni ila wa mviringo. Kambini tunauita kori. Ukubwa unaotumika sana una kipenyo cha milimita 47.6 au 63.5. Kila baada ya mita 3 hivi msaidizi anashusha waya wenye ndoano katikati ya rodi, unaukamata mrija wa ndani na kuupandisha na jiwe lake, huku rodi zenyewe zikibaki shimoni. Bila ujanja huo, shimo la mita 300 lingedai kung'oa na kurudisha rodi 100 kila mara.

Njia ya pili ni nyundo ya upepo. Kompresa inasukuma hewa yenye nguvu kubwa, nyundo inapondaponda mwamba, na vipande vinapanda kwa bomba la ndani hadi kwenye pipa linalovitenga na hewa. Kila mita moja mfuko mmoja. Ni ya haraka na nafuu zaidi, lakini inakupa kokoto na vumbi, na kokoto haikuonyeshi mwamba ulivyopinda.

Mimi napenda miche. Ukiimwagia maji na kuitazama jua la asubuhi, unaona kila kitu: mishipa ya kwazi, mikunjo, mahali mwamba ulipovunjika na kujiunga tena.

Siku ya kazi ikoje?

Shifti ni saa 12, mchana na usiku, na mtambo haulali. Saa kumi na mbili asubuhi shifti mbili zinakutana. Wanaotoka wamepauka kwa matope, wanaoingia bado wana harufu ya sabuni. Hapo ndipo mahali pa muhimu kuliko pote katika siku. Mchorongaji wa usiku anamweleza wa mchana: mita ya 140 maji yalipotea, mita ya 146 mwamba ni mlaini unabomoka, biti ina mita 60 tayari. Asipoeleza, mwenzake anaingia gizani.

Mimi nafika mtamboni na daftari. Natazama miche ya usiku kwenye trei, naiunganisha kipande kwa kipande, nahakiki vibao vya kina. Vibao hivyo ni vidogo, vya mbao au plastiki, na mchorongaji anaandika juu yake mita alizofikia kila anapotoa jiwe. Kikikosewa kimoja, kila nitakachoandika baada ya hapo kimekaa pasipo pake, na dhahabu ya mita ya 150 inahamia mita ya 153 kwenye ramani. Baadaye napima vipande. Vile vinavyozidi sentimita 10 vinajumlishwa na kulinganishwa na urefu wote, na asilimia inayopatikana inaonyesha uimara wa mwamba kwa mtu atakayekuja kuchimba mgodi humo. Mchana naandika: rangi, chembe, madini, mishipa, pembe zake. Jioni miche inapigwa picha, inakatwa kwa msumeno katikati ya urefu wake. Nusu inakwenda maabara, nusu inabaki bandani.

Hiyo nusu inayobaki ikumbuke, nitairudia.

Mchorongaji hodari anajulikana kwa nini?

Kwa masikio. Niliwahi kufanya kazi na mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai mgongo ukiwa umeelekea mtambo, mara akaweka kikombe chini na kusema, "Ameingia kwenye jiwe jingine." Mimi sikusikia tofauti yoyote. Jiwe lilipotoka, lilikuwa limebadilika kweli, kutoka mwamba wa kijani kwenda kwenye kwazi. Yeye alisikia injini ikivuta pumzi tofauti. Wengine wanaweka kiganja kwenye mtambo na kusoma mtetemo, wanatazama rangi ya maji yanayorudi juu, wanajua rodi imeanza kuchoka kabla haijakatika.

Lakini ninachokiheshimu zaidi kwa watu hawa ni kusema kilichotokea. Msimu mmoja nilifika alfajiri nikamkuta msaidizi, kijana wa miaka ishirini na kidogo, amesimama karibu na trei iliyopinduka. Miche ilikuwa imetawanyika kwenye majani. Akaniambia, "Dada, trei imemwagika saa tisa usiku, nimejikwaa. Sijagusa hata kimoja." Angeweza kuirudisha kwa namna yoyote na mimi nisingejua siku hiyo, na pengine nisingejua kamwe. Tulipiga magoti wote wawili, tukaiunganisha kama mtu anavyounganisha chungu kilichovunjika, mpasuko kwa mpasuko, hadi saa tano. Mita 4 tu za mwamba. Nilimwandika kwenye ripoti kwa jina, kwa sifa. Leo ni mchorongaji kamili.

Kwa nini wajiolojia wanalamba mawe?

Jiwe kavu lina vumbi na linaficha sura yake. Likilowa, chembe zinajitokeza. Chupa ya maji ikiwa mbali, ulimi uko karibu. Kuna sababu nyingine: udongo mgumu mwororo na ule wenye chembe ndogo za mchanga vinafanana machoni, ila ukivitia kidogo menoni, wenye mchanga unakwaruza. Usifanye hivyo mahali penye kemikali au madini ya risasi.

Mmepata dhahabu? Mbona hamsemi?

Hili naulizwa zaidi ya yote, na naelewa linatoka wapi. Watu wanaona malori yakipita na wanajiona wanafichwa.

Ukweli ni kwamba mara nyingi sisi wenyewe hatujui. Mwamba wenye gramu 2 za dhahabu kwa tani unaweza kuwa mzuri wa kuchimbwa. Tani moja ya mwamba ni kama boksi lenye upande wa sentimita 70 hivi, na hizo gramu 2 zikikusanywa hazifiki nusu ya punje ya mahindi, tena zimetawanyika humo ndani chembe kwa chembe. Jicho halizioni. Kinachong'aa kwenye mche mara nyingi ni payraiti, madini yanayofanana na dhahabu: iponde, itavunjika na kuwa unga mweusi, wakati dhahabu ni laini na hukatika kama madini ya risasi. Jibu linatoka maabara baada ya majuma kadhaa. Na hata likija, shimo moja zuri halina maana ya mgodi. Yanahitajika mengine mengi kuonyesha mwamba umeenea kiasi gani. Wanakijiji wana haki ya kuambiwa hatua tuliyofikia, na kampuni inayokwepa mkutano wa kijiji inajitafutia uvumi.

Sampuli zinaweza kuchezewa?

Zinaweza, na dunia imeshalipia. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Kanada iitwayo Bre-X ilitangaza dhahabu nyingi ajabu huko Busang, kisiwani Borneo upande wa Indonesia. Thamani yake sokoni ilipita dola za Kanada bilioni 6. Mwaka 1997 kampuni nyingine ilipochoronga mashimo yake kando ya yale ya mwanzo, haikukuta kitu cha maana. Uchunguzi huru wa Mei mwaka huo ukathibitisha kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje. Watu wa kawaida walipoteza akiba zao za uzeeni.

Sasa rudi kwenye ile nusu ya mche. Kule Busang miche ilikuwa ikisagwa karibu yote, hapakubaki nusu ya kurudia. Wajiolojia waliokomaa wangeshtuka kwa hilo peke yake. Ndiyo sababu tunatunza nusu, tunapachika kwenye mifuko ya maabara sampuli tunazojua hazina dhahabu na nyingine ambazo kiwango chake kinajulikana, tunafunga mifuko kwa lakiri na kuandika nani alimkabidhi nani. Maabara ikisema mfuko mtupu una dhahabu, kundi zima linarudiwa.

Shimo likikosa, ni hasara?

Mwenye fedha ataumia, siwezi kumkatalia. Ila shimo lililochorongwa sawasawa likakosa limetuondolea dhana moja, na linatuonyesha upande wa kutokwenda. Mashimo mengi katika utafutaji hukosa. Hasara ninayoiogopa ni shimo lenye sampuli mbovu, kwa kuwa hilo halikwambii lipo wala halipo. Siku nilipoandika "hakuna" mara ya kwanza mkono ulinitetemeka. Mkuu wangu aliisoma, akasaini, akaniambia nikale.

Mnachimba na visima vya maji? Kwa nini cha kwangu kikavu na cha jirani kina maji?

Mitambo inafanana, shabaha ni tofauti: hapa tunatafuta ufa na uwazi ndani ya mwamba. Sehemu kubwa ya Dodoma na Singida imekaa juu ya matale, jiwe ambalo likiwa zima halibebi maji. Maji yamo kwenye tabaka la juu lililooza na kwenye nyufa. Jirani yako alipata ufa. Wewe, hatua 30 kutoka kwake, umetoboa jiwe zima. Bonde la Makutupora linalolisha mji wa Dodoma ni tajiri kwa sababu hiyohiyo ya mipasuko mikubwa. Kwa hiyo lipia upimaji kabla ya kulipia mtambo, na uchukue kibali cha bodi ya maji ya bonde lako.

Halafu pima maji kabla ya kunywa. Arusha, Kilimanjaro, Singida na kwingineko kuna floraidi inayotoka kwenye miamba yenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Haina ladha wala rangi, na inawaharibu watoto meno na mifupa. Mchorongaji anayekukabidhi kisima bila majibu ya maabara hajamaliza kazi, hata kama maji yanaruka juu.

Na Olkaria?

Olkaria, kule Kenya, wanatoboa kufuata mvuke wa kuzalisha umeme, hadi mita 3,000 hivi chini ya Bonde la Ufa, kwenye joto linaloweza kupita nyuzi 300. Umeme wa kwanza ulitoka hapo mwaka 1981. Wachorongaji wa mvuke ni watu wa namna yao: sisi tunaogopa shimo kukauka, wao wanaogopa shimo kulipuka.

Shimo refu kuliko yote lilifika wapi?

Kwa kina, ni la rasi ya Kola, Urusi. Lilianza mwaka 1970, likafika mita 12,262 mwaka 1989. Joto la nyuzi 180 liliwashinda, mwamba ukawa unarudi kujifunga kama unga uliokandwa.

Kazi ni ya hatari?

Ndiyo. Rodi inayozunguka ikishika mkono wa koti haikuachii. Bomba la hewa ya kompresa likichomoka bila mnyororo wake wa usalama linaweza kuua. Vumbi la kwazi linaharibu mapafu polepole, na ndilo vijana wanalolidharau kwa kuwa halikati wala haliunguzi. Vaa barakoa hata kama mchorongaji wako havai. Mtambo wowote una kitufe chekundu cha kuuzima, na mtu yeyote, hata mpishi aliyeleta chai, anaruhusiwa kukibonyeza akiona mwenzake yuko hatarini. Kambi inayomkemea aliyekibonyeza, ondoka.

Kazi yenu imewahi kuokoa mtu?

Agosti 5, 2010, mgodi wa San José nchini Chile ulibomoka na kuwafungia watu 33. Wachorongaji walileta mitambo ya utafutaji na kuanza kutoboa matundu membamba kutafuta kimbilio lao, mita 700 hivi chini. Ramani za mgodi zilikuwa na makosa, na shimo refu hupinda njiani. Matundu kadhaa yalipita kando. Siku ya 17 moja likapenya. Walipovuta rodi juu walikuta karatasi imefungwa: "Tuko salama kwenye kimbilio, sote 33."

Shimo pana la kuwatolea lilichorongwa na kikosi alichokuwamo Jeff Hart, Mmarekani aliyeitwa kutoka Afghanistan, ambako alikuwa akichimba visima vya maji kwenye kambi za jeshi la nchi yake. Alipenya Oktoba 9. Siku chache baadaye wote 33 walikuwa juu, baada ya siku 69. Kila ninapowaona wasaidizi wamechoka saa nane usiku, nawasimulia hili. Yule aliyekuwa akitoboa kisima juzi ndiye aliyeitwa.

Wanawake wanaweza?

Mimi ni mmoja. Mwanzoni baadhi ya wachorongaji walimjibu dereva wangu badala yangu. Nilikaa mtamboni shifti nzima za usiku mpaka wakazoea kuniuliza mimi. Dai choo na mahali pa kulala penye kufuli kabla hujasaini mkataba, wala usione haya.

Nianzie wapi?

Kwa jiolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma. Kwa maji ya ardhini na uchimbaji wa visima, Chuo cha Maji pale Dar es Salaam. Uchorongaji wenyewe bado unajifunzwa zaidi mtamboni: unaanza kama msaidizi, unabeba rodi, unaosha trei, na baada ya miaka unapewa levu. Fizikia na hesabu zitakusaidia. Mwandiko unaosomeka utakusaidia kuliko unavyodhani.

Mkiondoka, shimo linabakije?

Tunaliziba ili mbuzi, mtoto au maji machafu yasiingie. Madimbwi ya matope yanafukiwa, mafuta yaliyomwagika yanachotwa na udongo wake. Juu ya shimo tunaweka kigae kidogo cha zege chenye namba, mwelekeo na kina. Ukikikuta shambani kwako usiking'oe. Kama kimelegea, mwambie mwenyekiti wa kijiji atupigie, tutakuja kukirudishia.